Hongera Waashi wa Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa nyingi zikaiendea milango yake ya nakshi. Mimi nawapongeza waashi. Wao ndio waliojenga kuta nene kwa mawe ya matumbawe, wakachoma mengine yawe chokaa, wakalaza boriti za mikoko juu yake. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Na vile vidaka vya ukutani, vilivyopambwa kwa lipu ya chokaa! Ikilinganishwa na chokaa, saruji hukauka upesi, lakini huufungia unyevu ukutani. Fundi anayeshikilia chokaa hadi leo anastahili ujira mnono, na vijana wa kumrithi.