Sifa kwa Anayeinua Mkia

Asubuhi, watu wa Kawangware hutembea kwa miguu kuelekea Lavington: wapishi, yaya, mabawabu, watunza bustani. Wa Kibera nao huvuka kwenda Woodley na Kilimani. Katika msafara huo wamo vijana wanaoosha na kunyoa mbwa, na mimi nataka kuwasifu kwa ile sehemu ya kazi isiyotajwa mezani: chini ya mkia.

Mbwa koko wa Kibera hana haja nao. Manyoya yake mafupi, hujilamba, yakaisha. Taabu ni mbwa wa aina ya Maltese, Shih Tzu na Japanese Spitz, waliozalishwa kwa ajili ya uzuri wa manyoya. Mmoja wao akiharisha, kinyesi hunata, kikakauka, kikaziba njia kabisa. Mvua ya masika ikija, nzi hutaga palepale penye unyevu, na funza wakaanza kula ngozi ya mnyama aliye hai. Mtoto wa binadamu hufunzwa kutawaza. Huyu lazima atawazwe.

Fundi huanza na kichana, maji baadaye, maana fundo la manyoya likilowa hukaza zaidi. Hulinyunyizia wanga wa mahindi, akalifungua kwa vidole, polepole. Ndipo aoshe kwa maji ya uvuguvugu. Aliyekua akinunua maji kwa mtungi wa lita 20 hahitaji kufundishwa kutakasa kwa jagi moja. Manyoya yakikauka huwasha mashine yenye wembe namba 10, unaobakiza kama milimita 1.5. Huupeleka kutoka kwenye tundu kwenda nje, na kila mara huugusisha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, kwa sababu chuma hupata moto na ngozi ya pale ni laini mno. Penye mkunjo hutumia mkasi wa ncha butu.

Lakini ufundi wenyewe uko katika mkono wa pili, ule ulioshika mkia. Huushika karibu na shina, bila kuuvuta, kwani mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo. Mbwa aliyeshikwa vizuri husimama tuli. Aliyeshikwa vibaya huuma, na haki yake.

Tena fundi huona kabla ya mwenye nyumba: chembe kama mchele, ambazo ni vipande vya tegu, au uvimbe kwenye tezi mbili zilizokaa kando ya tundu kama namba 4 na namba 8 za uso wa saa. Asiyejua huziminya. Anayejua huacha, akasema mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, na Kabete, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali.

Wewe mwenye mbwa wa manyoya marefu, usimwite kijana huyu pale harufu inapojaza sebule. Mwite mapema, kabla ya masika, na umlipe zaidi ya unavyomlipa kinyozi wako. Kinyozi wako hanyoi akihofia kuumwa.