Simu za Intaneti Ofisini: Ugonjwa ni Foleni, si Kasi

Ofisi ikihamia simu za intaneti, malalamiko hayachelewi: sauti inakatakata, mteja anarudia "haloo, haloo", na meneja anaagiza kifurushi kikubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Kodeki, yaani mbinu ya kugeuza sauti kuwa data, ya G.711, iliyozoeleka kwenye simu za ofisini, hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Juu yake huongezwa baiti 40 za anwani na maelekezo, pamoja na baiti 18 za Itheneti. Jumla hufika kilobiti 87 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kodeki nyingine, G.729, hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini simu moja bado hula kilobiti 31, kwa kuwa maelekezo hayabanwi pamoja na sauti. Hata hivyo, simu 10 za G.711 zikiongewa kwa pamoja hazifiki megabiti 1 kila upande.

Basi inakuwaje laini yenye megabiti 20 za kupakua na 2 za kupakia ishindwe? Tazama upande wa kupakia. Kompyuta ya mhasibu inapotuma nakala rudufu za mafaili mtandaoni, hujaza njia yote, na pakiti zilizokosa nafasi hupanga foleni ndani ya modemu. Foleni ya kilobaiti 256 kwenye njia ya megabiti 2 huchukua sekunde 1 kumalizika. Pakiti ya sauti iliyofika mwisho husubiri muda wote huo, ilhali pendekezo la G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni. Ukinunua megabiti 50 za kupakua, foleni ile inabaki palepale.

Dawa huanza kwa kuihamisha foleni. Pima kasi halisi ya kupakia, kisha iwekee ruta kikomo cha asilimia 90 hivi ya kasi hiyo. Kwa laini yetu, ni megabiti 1.8. Inaonekana kama kujinyima, lakini sasa foleni inajengeka kwenye ruta unayoiamuru, si kwenye modemu isiyokusikiliza.

Hatua ya pili ni kutoa kipaumbele. Simu huzitia pakiti za sauti alama ya DSCP 46, na ruta huzipitisha kwanza. Kipaumbele hicho lazima kiwe na mpaka: tenga kilobiti 900 kwa sauti, kisha uiamuru mitambo ya simu isiruhusu zaidi ya simu 10 kwa wakati mmoja. Simu ya 11 ikiingia bila nafasi huharibu zote 10 zilizotangulia. Heri mpigaji mmoja asikie mlio wa laini kuwa na shughuli.

Trafiki iliyobaki igawiwe na fq_codel au CAKE, mbinu zinazozuia mtumiaji mmoja kuhodhi njia. Zimo ndani ya OpenWrt na RouterOS 7 ya MikroTik, bila ada ya ziada.

Mbinu hizi zina mwisho wake. Alama ya DSCP kwa kawaida haiheshimiwi ikishatoka nje ya mtandao wako, na hakuna mpangilio unaofupisha umbali. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, mawasiliano mengi ya nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi angani. Kupanda na kushuka pekee kulichukua milisekunde 240. Ucheleweshaji ule haukuwa na dawa ofisini. Huu wa foleni unayo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini kifurushi kipya, fanya ping, yaani pima muda wa pakiti kwenda na kurudi, wakati ofisi imetulia, kisha uirudie huku faili kubwa likipakiwa. Muda ukiruka kutoka makumi hadi mamia ya milisekunde, kifurushi kipya kisubiri. Rekebisha ruta kwanza.