Kusoma Kisiki

Kisiki hakina jani, ua wala tunda, na ndicho kinachompima mjuzi wa miti. Mpeleke mtu na kitabu chake cha mimea mbele ya kisiki katika msitu wa Mtai, jirani na Maramba: kitabu kitamtupa mkono, maana kurasa zake zimejaa majani na maua. Mwanakamati wa maliasili wa kijiji, aliyekulia kwenye miteremko hii ya Usambara Mashariki, atachuchumaa, atapangusa matope kwa ubapa wa panga, atachanja gome kidogo, kisha atanyamaza akisubiri.

Huko kusubiri ndiko nusu ya kazi. Mvule hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mtambara huchuruzika maji yanayoelekea wekundu. Mkangazi hauna utomvu wa kukusaidia, lakini gome lake kwa ndani ni jekundu, na kipande chake kikigusa ncha ya ulimi, uchungu haufichiki. Halafu inafuata zamu ya pua, na fundi mzuri hunusa mara mbili: punde baada ya kuchanja, na tena hewa ikishapita. Kwa mti ulio hai hachanji hadi kwenye ubao, kwa sababu jeraha la kina ni mlango wa kuvu na wadudu. Mimi ujuzi wa mtu naupima kwa udogo wa chanjo lake.

Ujuzi huu una kazi. Katika upimaji wa uharibifu wa msitu, watu hufuata mstari ulionyooka, wakiugawa kila mita 50 na kuangalia mita 5 kila upande. Kila shina lililokatwa huandikwa: jipya au la zamani, la kujengea (kipenyo cha sentimita 5 hadi 15) au la mbao (zaidi ya hapo). Hesabu hiyo hata mgeni anaweza kuifanya. Jina la mti ndilo linaloeleza kilichotokea. Visiki vya mkangazi na mvule vikifuatana, kuna mtu anayepasua mbao za kuuza, na doria inatakiwa kwenye njia za kutokea msituni. Vikiwa vya miti myembamba ya kila aina, ni majirani wanaojenga nyumba, na hao dawa yao ni kupanda miti ya kujengea karibu na mashamba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao na kushirikiana na serikali kutunza ya serikali. Lakini kamati isiyojua kilichokatwa itafanya doria mahali pasipo na mwizi.

Mhesi nao unataka akili yake. Ni mti mgeni katika milima hii, ulioletwa kupandwa zama za ukoloni. Matunda yake hupendwa na hondohondo, wanaozidondosha mbegu mbali na mti mama, nazo huota upesi palipo na uwazi na mwanga. Kwa hiyo mjuzi akikuta mhesi mwingi katikati ya msitu wa asili huuliza kwanza mwanga huo uliingiaje, na mara nyingi jibu ni kisiki kilichooza chini ya majani.

Kisiki cha msambu ndicho kinachowaumiza zaidi wanakamati. Msambu una dume na jike, na jike pekee ndilo lenye matunda yale makubwa ya kahawia ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Gome halisemi jinsia, kwa hiyo wanakamati huinama na kufukua majani makavu wakitafuta maganda ya matunda ya zamani. Wakiyapata, msako hupanuka kuzunguka kisiki, maana panya buku huzibeba mbegu na kuzifukia, na mbegu ya msambu yaweza kukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota. Mche ukionekana, husimikiwa kijiti pembeni, ili atakayefyeka njia hapo mwakani auone kabla panga halijaufikia.