Kampuni za Simu na Uamuzi wa Kuuza Minara

Kati ya mwaka 2010 na 2022 kampuni tatu kubwa za simu nchini Tanzania, yaani Tigo, Vodacom na Airtel, ziliuza minara yake kwa kampuni ambazo hazimuuzii mwananchi vocha wala kifurushi, kisha zikaendelea kufunga antena zake kwenye minara ileile, safari hii zikiwa wapangaji. Mkazi wa Mbagala au wa Tandale hakuona mabadiliko yoyote, kwa sababu mnara ulibaki pale pale ulipokuwa na simu yake iliendelea kushika mtandao kama jana yake. Hata hivyo uamuzi huo uligeuza biashara ya simu kutoka ndani, na namna ulivyofikiwa inaonyesha jinsi kampuni ya teknolojia inavyopima kipi ikishike kwa mikono yake na kipi ikiachie wengine.

Mlango ulifunguliwa kisheria kabla mtu yeyote hajazungumzia mauzo. Mwaka 2005, baada ya kumalizika kwa kipindi ambacho TTCL ilikuwa na haki ya pekee katika simu za mezani, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianzisha mfumo mpya wa leseni uliotenganisha mambo manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi na huduma za maudhui. Kabla ya hapo kampuni ya simu ilieleweka kuwa kitu kimoja, kuanzia nguzo ya chuma hadi kadi ya simu. Baada ya hapo iliwezekana kampuni ikapewa leseni ya kumiliki nguzo peke yake bila kuwa na mteja hata mmoja wa kupiga simu.

Lakini ruhusa haimlazimishi mtu kuuza, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeuza, kwa kuwa mnara ulikuwa silaha. Mobitel, iliyokuja kuitwa Tigo, ilianza huduma mwaka 1994, Vodacom ikaingia mwaka 2000 na Celtel, ambayo leo ni Airtel, mwaka 2001, na katika miaka hiyo ya mwanzo mteja alichagua kadi kwa kuuliza swali moja tu: inashika wapi? Kampuni iliyotangulia kusimamisha mnara Mbezi au Kongowe iliwapata wakazi wa huko, na kumruhusu mshindani apande kwenye mnara huo kungekuwa sawa na kumkabidhi wateja. Hali ilibadilika pale kampuni zote kubwa zilipokwisha kuifikia Dar es Salaam yote, kwa sababu wilaya za Kinondoni na Temeke, ambazo wakati huo zilijumuisha pia maeneo yanayounda Ubungo na Kigamboni ya leo, zilijaa minara mitatu au minne katika mtaa mmoja, kila mmoja ukiwa na mwenyewe, na hakuna hata mmoja uliompa mwenyewe faida ambayo jirani hakuwa nayo. Ushindani ukahamia kwenye bei, bei zikashuka, na gharama ya kutunza chuma ikabaki vilevile.

Chuma chenyewe, kwa kweli, ndicho sehemu nyepesi ya gharama. Eneo la mnara katika kata kama Mbagala huwa ni kipande kidogo cha kiwanja cha mtu binafsi kilichozungushiwa ukuta au uzio, ambamo mna kabini ya mitambo, safu za betri, genereta na tangi lake la dizeli, mita ya umeme, na mlinzi anayekesha hapo. Mitambo ya redio haitakiwi kuzimika hata dakika moja. Hivyo umeme wa TANESCO unapokatika betri hushika kwa muda, kisha genereta huwaka. Mgao wa umeme ulipokuwa mkali nchini, kama mwaka 2011, magenereta yalinguruma kwa saa nyingi kila siku, na kampuni ambayo kazi yake ni mawasiliano ikajikuta inaendesha kwa wakati mmoja mamia ya vituo vidogo vya kufua umeme, ikiwa na malori ya dizeli, mafundi wa injini, na tatizo la kudumu la mafuta kunyonywa kwenye matangi. Kwa maoni ya uchambuzi huu, hapa ndipo uamuzi ulipozaliwa: kilichouzwa kwa jina la mnara kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kero ya nishati.

Mnunuzi alikubali kuibeba kero hiyo kwa sababu hesabu yake ni tofauti. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kuendesha mnara mmoja, pamoja na pango la kiwanja, ulinzi na nishati, kunagharimu sehemu 100, na kwamba mpangaji wa pili anapoongezwa gharama inapanda hadi sehemu 115 au 120 tu, kwa kuwa kiwanja ni kilekile, mlinzi ni yuleyule na kinachoongezeka ni umeme wa mitambo yake. Kila mpangaji akilipa 80, mnara wenye mpangaji mmoja unakula hasara na wenye wapangaji wawili unaleta faida nzuri. Wastani wa wapangaji kwa kila mnara ndicho kipimo ambacho biashara hii yote husimama juu yake, na kampuni ya simu haiwezi kukipandisha kirahisi, kwa kuwa mshindani anasita kupanga kwa mtu anayegombania naye wateja. Asiyeuza vocha anaaminika na wote.

Kampuni ya Helios Towers Africa, iliyoundwa mwaka 2009, ndiyo iliyokuja na hesabu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2010 Millicom, kampuni mama ya Tigo, ilikubali kuiuzia Helios zaidi ya minara 1,000 ya Tanzania, ikalipwa fedha taslimu na kubaki na asilimia 40 ya hisa katika kampuni mpya ya minara. Mwaka 2013 Vodacom ikafuata kwa minara 1,149, nayo ikapata fedha pamoja na takriban asilimia 24 ya hisa. Muundo huu ni wa kuzingatiwa, maana muuzaji hakutoka moja kwa moja: aliendelea kuwa na kiti, akijua kwamba mpangaji wa pili atakapopanda, thamani ya mnara aliouuza itakua na yeye atapata sehemu yake. Kuwa na minara ya kampuni mbili kubwa chini ya mmiliki mmoja kuliwezesha pia jambo ambalo zenyewe zisingelifanya: pale minara miwili ilipokaribiana sana, mmoja uliweza kustaafishwa na mitambo yake kuhamishiwa kwa jirani.

Hisa hizo, hata hivyo, hazikukaa. Vodacom Tanzania iliuza za kwake kwa takriban dola milioni 58.5, na mwaka huohuo wa 2017 Watanzania waliitikia wito wa kununua hisa za Vodacom kwa shilingi 850 kila moja, kampuni ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam tarehe 15 Agosti. Mwananchi aliyenunua aliingia katika kampuni ya wateja, ya masafa na ya M-Pesa, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mpangaji kwenye minara inayoitumia. Hilo si kosa, lakini ni jambo ambalo mwekezaji mdogo alistahili kulielewa kabla ya kutoa fedha zake, kwa sababu kampuni ya namna hiyo ina mzigo wa kodi ya minara usiopungua hata mauzo yakipungua. Millicom nayo ilikwenda mbali zaidi: hisa zake za minara zilibadilishwa kuwa hisa za Helios yenyewe, na mwaka 2022 ikakamilisha kuiuza Tigo Tanzania, ambayo sasa inaitwa Yas.

Airtel ilichelewa. Mwaka 2016 ilitangaza mpango wa kuuza takriban minara 1,350 kwa American Tower kwa kiasi cha dola milioni 179, mpango ambao haukukamilika, na ni mwaka 2021 ndipo ilipotangaza kuuza takriban minara 1,400 kwa ubia wa SBA Communications na Paradigm Infrastructure kwa dola milioni 176.1. Kwa maneno mengine, baada ya miaka mitano minara iliongezeka kidogo na bei haikupanda. Sehemu kubwa ya fedha ilielekezwa kupunguza madeni ya kundi zima la Airtel Africa, na sehemu nyingine ikapangiwa mtandao wa Tanzania pamoja na malipo kwa Serikali, ambayo inamiliki asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Sababu nyingine ya kuuza, ile ambayo haitajwi sana kwenye hotuba, ni hiyo ya deni: mnara uliojengwa kwa mkopo hugeuzwa fedha ili mkopo ulipwe, na gharama iliyokuwa ya kujenga mara moja hugeuka kuwa kodi ya kila mwezi.

Faida ya kimahesabu ya kugeuza deni kuwa kodi isiyoonekana kwenye mizania ilipungua tangu tarehe 1 Januari 2019, pale kanuni ya kimataifa ya uhasibu ijulikanayo kama IFRS 16 ilipoanza kutaka mikataba ya kupanga ya muda mrefu ionyeshwe kwenye mizania kama deni. Kodi ya miaka kumi au kumi na mitano, ambayo zamani ilijificha ndani ya matumizi ya kawaida, sasa inaonekana. Kwa hiyo bei ya kuuza mnara, ambayo ndiyo hutangazwa, si kipimo cha kutosha cha ubora wa uamuzi. Vifungu vya mkataba vinavyosema kodi itapanda kwa kufuata mfumuko wa bei upi, dizeli ikipanda nani analipa, na kodi ikihesabiwa kwa dola shilingi ikishuka nani anaumia, ndivyo vinavyoamua kama muuzaji aliuza kero au aliiahirisha tu. Halotel, iliyoanza huduma mwaka 2015 chini ya Viettel ya Vietnam, ilichagua kwa sehemu kubwa kujenga ya kwake, na kudumu kwake sokoni kunaonyesha kuwa kuuza hakukuwa njia pekee.

Mkataba wa upangaji unagusa pia uamuzi unaofuata, wa kustaafisha teknolojia za zamani. Mpangaji kwa kawaida hulipia uzito na nafasi ya antena zake pamoja na umeme anaotumia, kwa hiyo kila kizazi cha mtandao kinachobaki mnarani, 2G, 3G na 4G, kina gharama yake, na hamu ya kushusha kimoja ili kupisha 5G ni kubwa. Cha kwanza kufikiriwa si kikongwe kuliko vyote. Huduma ya 2G ndiyo inayobeba kitochi cha mama lishe wa Temeke na menyu za kutuma na kutoa fedha zisizohitaji intaneti, wakati anayetumia simu janja ya 3G anaweza kuhamia 4G au, kwa sauti, kurudi 2G. Ndiyo maana hesabu inaielekeza kampuni kuondoa cha katikati kwanza. Mwenye mnara naye ana maslahi katika uamuzi huo, kwa kuwa kitakachoshushwa ni sehemu ya kodi yake, na mazungumzo kati yake na mpangaji kuhusu kupunguza malipo hufanyika kwa masharti waliyowekeana siku minara ilipouzwa.