Santuri za Kuazima: Muziki wa Jadi wa Marekani na Majalada Yake

Makala haya yanahakiki santuri za muziki wa jadi wa Marekani, pamoja na tawi lake liitwalo blugrasi, kama zinavyomfikia msikilizaji anayeziazima katika maktaba ya umma. Nilizisikiliza kwa njia hiyo nilipokuwa nikiishi katika nchi hiyo, rafu baada ya rafu, bila mwalimu na bila mpango. Huenda msomaji akauliza kwa nini kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa letu kitumie kurasa zake kwa nyimbo za wakulima wa Kentucky na Virginia. Jibu ni kwamba taifa hilo lilianza mapema kuhifadhi nyimbo za watu wake wa kawaida. Hifadhi ya nyimbo za jadi katika Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzishwa mwaka 1928. Waliofanya kazi hiyo walikutana na swali ambalo kila taifa hukutana nalo: ni kipi kiitwe cha jadi, na ni nani ahesabiwe kuwa mwenye nacho? Majibu yao yamo katika santuri hizo na katika majalada yake, na mara nyingi jalada husema jambo moja na santuri ikasema jingine.

Kuazima kuna adabu yake. Aliyenunua santuri huchagua wimbo mmoja akaurudia mpaka auchoke, lakini mwazimaji amepewa wiki mbili au tatu, na kwa hiyo huisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili, hata nyimbo asizozipenda. Aidha, huikuta imekwisha kupita katika mikono ya watu. Mikwaruzo humwonyesha ni upande gani uliopendwa na wenzake waliomtangulia. Mara nyingine wimbo mashuhuri umelika kiasi cha kutosikika vizuri, na ule uliodharauliwa ungali safi kama siku ulipotoka kiwandani. Kampuni ya Folkways ya New York, iliyoanzishwa na Moses Asch mwaka 1948, iliwategemea sana wateja wa namna hii, yaani shule na maktaba. Kila santuri yake ilitiwa kijitabu cha maelezo ndani ya jalada. Asch alikataa kuziondoa santuri zake sokoni hata kama zilinunuliwa na watu wachache mno, na Taasisi ya Smithsonian ilipoichukua kampuni hiyo mwaka 1987, ilikubali sharti la kuendelea kuzitoa zote, zaidi ya albamu 2,000.

Albamu inayostahili kutangulizwa katika uhakiki huu ni ile iitwayo Anthology of American Folk Music, iliyotolewa na Folkways mwaka 1952. Ni santuri sita zenye rekodi 84, zilizochaguliwa na Harry Smith, kijana wa miaka 29, kutoka katika mkusanyo wake mwenyewe. Rekodi hizo hazikunaswa na wataalamu vijijini. Zilitengenezwa na makampuni ya biashara mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, zikauzwa kwa wakulima na wafanyakazi, kisha zikasahauliwa mdororo wa uchumi ulipoyafilisi masoko. Smith alizigawa katika mafungu matatu: nyimbo za masimulizi, muziki wa hadhara (ndani yake mkiwa ngoma za kucheza na nyimbo za dini), na nyimbo nyinginezo. Katika kijitabu chake alifupisha kisa cha kila wimbo kwa maneno ya mkato, kama vichwa vya habari gazetini. Kichekesho hicho kina hekima, kwa sababu humfanya msikilizaji atambue kwamba nyimbo hizo za mauaji, za meli zilizozama na za wezi wa reli ndizo zilizokuwa magazeti ya watu wake.

Hata hivyo, jambo kubwa alilolifanya Smith ni lile alilolinyamazia. Makampuni ya miaka ya 1920 yalikuwa yamewatenga wasanii kwa rangi. Kampuni ya Columbia, kwa mfano, iliziuza nyimbo za watu weusi katika mfululizo wa namba 14000, na zile za Wazungu wa vijijini katika mfululizo wa namba 15000, ingawa waimbaji wa pande zote mbili walikuwa majirani, na mara nyingi wimbo wenyewe ulikuwa ni mmoja. Smith aliivunja orodha hiyo. Aliziweka rekodi kwa jinsi zinavyoitana kwa sauti na kwa kisa, wala hakutaja mahali popote rangi ya mwimbaji. Mississippi John Hurt, mkulima mweusi aliyerekodi mwaka 1928, yumo humo kwa nyimbo mbili, na Smith alifurahi baadaye kueleza kwamba ilichukua miaka kabla wasikilizaji hawajagundua kuwa huyu hakuwa Mzungu wa milimani. Anayesikiliza gitaa la Hurt, kidole gumba kikienda kama mwendo wa miguu na vidole vingine vikiimba juu yake, haoni ajabu. Muziki ule hauna uzio. Uzio ulikuwa katika orodha ya muuzaji.

Mkusanyo huo una mapungufu yake. Wenyeji wa asili wa bara lile hawamo, ingawa Smith mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kuzirekodi nyimbo za Walummi waliokuwa jirani na kwao. Wasemao Kihispania hawamo pia. Lakini upungufu wa Smith ni wa kuacha, nao ni mwepesi kuliko upungufu wa kupotosha. Huu wa pili uliingia miaka ya 1960, jalada lilipobadilishwa. Jalada la kwanza lilikuwa na mchoro wa kale wa ala ya uzi mmoja, ikilinganishwa sauti na mkono utokao mbinguni. Irwin Silber aliliondoa, akaweka picha iliyopigwa na Ben Shahn ya mkulima maskini wa wakati wa mdororo. Ninaielewa nia yake: alitaka kumrudishia mnyonge sanaa yake. Hata hivyo, picha ile humwamuru msikilizaji asikie huzuni kabla ya kusikia fani. Uncle Dave Macon, ambaye kila akishika banjo hucheka, kutania na kupiga kelele, anavikwa ghafla sura ya mtu aliyekata tamaa. Kumhurumia msanii siyo kumheshimu.

Tukija kwenye blugrasi, upotoshaji wa jalada ni mkubwa zaidi. Albamu nyingi za aina hii zina picha ya kibanda cha magogo, ukungu mlimani na mzee ameketi kibarazani. Mwazimaji hudhani ameshika muziki wa karne nyingi. Kweli ni kwamba muziki huu una tarehe yake ya kuzaliwa, na tunawajua waliokuwapo. Bill Monroe, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1911, alijiunga na kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville mwaka 1939. Desemba 1945 akaingia Earl Scruggs katika bendi yake, iliyoitwa Blue Grass Boys kwa heshima ya jina la utani la jimbo la Kentucky. Mwaka 1946, pamoja na Lester Flatt wa gitaa, Chubby Wise wa fidla na Howard Watts wa besi, wakarekodi nyimbo ambazo zimekuwa kipimo cha aina yote. Jina la bendi likawa jina la muziki katika miaka ya 1950 tu. Monroe alikuwa amefanya kazi ya vibarua katika kiwanda cha kusafishia mafuta kule Indiana. Scruggs alitoka katika kiwanda cha nyuzi cha North Carolina. Muziki huu ulizaliwa mbele ya maikrofoni, mikononi mwa watu waliokwisha kuonja kazi ya kiwanda.

Fani yake inathibitisha hivyo. Hakuna ngoma katika bendi hii. Mandolini ya Monroe ndiyo inayokata pigo la kati kwa ukali mahali ambapo ngoma ingelia. Banjo ya Scruggs hupigwa kwa vidole vitatu vilivyovikwa kucha za bandia, na sauti zake hazikomi hata kidogo. Nane zikiingia katika kipimo kimoja, mara nyingi husikika zimegawanyika tatu, tatu na mbili, kiasi kwamba mkazo huhama huku na huku juu ya besi iliyotulia. Msikilizaji aliyelelewa na ngoma hugeuza shingo mara moja. Kila ala hupewa zamu yake ya kusogea mbele na kusema, kisha hurudi nyuma kuwabeba wengine. Kwa kasi na kwa mpangilio, hiki ni kikosi cha mafundi. Hakifanani kabisa na wazee wa kibarazani.

Maudhui ndiyo yanayorudi nyuma. Monroe alifiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 17, na nyimbo zake hulia kwa sauti ya juu, karibu ya kukatika, juu ya nyumba iliyobaki tupu. Ni kilio cha kweli, na asiyeguswa nacho ana moyo mgumu. Lakini kiwanda cha mafuta hakimo. Wafanyakazi wa kusini waliojazana Chicago, Detroit na Baltimore walinunua santuri hizi kwa sababu ziliwarudisha kwao kwa dakika tatu, na biashara ikajifunza haraka kwamba kibanda kinauzika kuliko zamu ya usiku. Kwa maoni yangu, albamu zilizotimiza kazi ambayo Monroe hakuigusa ni zile za Hazel Dickens na Alice Gerrard, ambao walianza kutoa santuri kwa Folkways mwaka 1965. Dickens alikuwa binti wa familia ya wachimba makaa ya mawe ya West Virginia, na yeye mwenyewe alihamia Baltimore kufanya kazi viwandani. Aliichukua fani ileile, sauti ileile kavu ya kupasua, akaimba juu ya ugonjwa wa mapafu uliomuua kaka yake. Albamu mashuhuri ya mwaka 1972, Will the Circle Be Unbroken, ambayo vijana wa muziki wa kisasa waliwakusanya wakongwe katika santuri tatu, inapendeza kuisikiliza, hasa mazungumzo yaliyoachwa kati ya nyimbo. Lakini ni karamu, na karamuni watu hawaulizani maswali.

Liko swali moja ambalo hakuna albamu inayoweza kulijibu. Monroe alipokuwa kijana alipiga gitaa kumfuata, katika ngoma za usiku, mpigaji mweusi wa fidla na gitaa aitwaye Arnold Shultz, mchimba makaa, na alikiri maishani mwake kwamba alijifunza kwake. Shultz alifariki mwaka 1931. Hakuna rekodi yake hata moja. Vivyo hivyo Lesley Riddle, mpigaji gitaa mweusi, alifuatana na A. P. Carter katika safari za kutafuta nyimbo, akizishika tuni kichwani wakati mwenzake akiandika maneno. Santuri zikatoka kwa jina la Carter Family. Basi ukizipanga albamu zote za blugrasi za maktaba kwenye meza moja, utakuwa na historia ndefu iliyotiwa sahihi na wanafunzi, na mwalimu mmoja hayumo.

Elizabeth Cotten alikaribia kupotea hivyohivyo. Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa familia ya Seeger mjini Washington, na familia hiyo ya wanamuziki haikujua kwamba mpishi wao ni msanii mpaka alipoliteremsha gitaa ukutani. Alitumia mkono wa kushoto na kuligeuza gitaa bila kuzibadili nyuzi, hata kidole gumba kikapiga nyuzi nyembamba na vidole vingine vikapiga besi. Wimbo wake juu ya treni ya mizigo, alioutunga utotoni, ulivuma Uingereza mwaka 1957 ukiwa umeandikishwa kwa majina ya watu wengine. Santuri yake ya kwanza, iliyorekodiwa na Mike Seeger, ilitoka mwaka 1958. Isikilizwe usiku, kwa sauti ndogo.

Imebaki kutaja mahali ambapo muziki huu unagusa pwani na bara letu, kwani mguso huo upo kweli. Banjo ilivuka bahari pamoja na watumwa wa Afrika ya Magharibi, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa mpini. Mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck aliirudisha Afrika, akapiga pamoja na wenyeji wa Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, miongoni mwao Anania Ngoliga wa ilimba. Albamu ya mwaka 2009 ameipa jina linalofasiri Bagamoyo kuwa mahali pa kuubwaga moyo. Wapo wanaoshikilia kuwa jina hilo lilikuwa la wapagazi waliofika na kutua mizigo, na jalada, kama kawaida yake, limechagua maana moja.

Mguso wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba kwa kinubi juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi, aliyerekodi kwa mara ya kwanza Bristol mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kwao kwa gramafoni. Maelezo ya Tracey husema kwamba kwa waimbaji hao alikuwa nusu mtu, nusu swala. Hayo nayo ni maneno ya kijitabu cha mgeni, na yapimwe kama vijitabu vingine. Kinachosikika wazi ni kwamba wasichana hao walilichukua jina, wakaliingiza katika wimbo wa kwao. Rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet zaidi ya miaka 60 baadaye. Katika maktaba niliyoitumia, santuri ya Rodgers ilikuwa orofa ya juu, katika muziki wa Marekani. Ya wasichana wa Kapkatet ilikuwa chini, kati ya nyimbo za Bali na za Peru. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada lake ilikuwa na muhuri mmoja tu kabla ya wangu.