Orwell na Kanuni Yake ya Nne

Insha ya George Orwell kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza ilitoka Aprili 1946 katika jarida la Horizon la London, miezi michache tu baada ya riwaya ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Wengi wanaoitaja insha hii hukimbilia mwishoni, kwenye kanuni sita za uandishi. Ndizo zinazonakiliwa madarasani. Kwa maoni yangu, ndizo sehemu yake dhaifu kuliko zote.

Nguvu yake imo katika mifano. Chukua nahau ya nyundo na fuawe. Waingereza, asema Orwell, huitumia kana kwamba fuawe ndiyo inayoumia, ilhali kwa mhunzi nyundo ndiyo huvunjika. Mwandishi aliyeiona fuawe akilini asingeteleza hapo; aliyeteleza hakuona kitu, alisikia mlio tu. Au chukua Mhubiri 9:11, aya anayoiandika upya kwa Kiingereza cha maofisini. Anahesabu kabisa: aya ya Biblia ina maneno 49 na silabi 60, kejeli yake ina maneno 38 na silabi 90. Maneno yamepungua, mdomo unachoka zaidi, na mbio, vita na mkate vyote vimetoweka.

Lakini kilele ni pale anapowashika wanasiasa. Kwanza vijiji visivyo na ulinzi vinapigwa mabomu kutoka angani, wenyeji wanafukuzwa, mifugo inamiminiwa risasi, vibanda vinachomwa. Halafu, baada ya nukta mbili, linakuja jina la kiofisi: kutuliza hali. Anafanya hivyo mara tatu mfululizo, kwa muundo uleule: matendo mengi yanayoonekana, kisha istilahi isiyoonesha chochote. Wakulima wananyang'anywa mashamba, watu wanafungwa bila kesi, na kila mara istilahi inashuka kama muhuri juu ya faili.

Sasa tazama vitenzi. Vinapigwa, wanafukuzwa, wananyang'anywa, wanafungwa: karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa. Na kanuni yake ya nne inakataza kauli hiyo popote ambapo kauli ya kutenda ingewezekana. Hapa iliwezekana kabisa. Marubani na askari walikuwepo. Wako watakaosema kanuni ya sita inamwokoa, kwa kuwa inaruhusu kuzivunja zile tano ili kukwepa lugha ya kishenzi. Haimwokoi, maana hakuna ushenzi wowote aliokuwa akiukwepa. Aliichagua kauli ile kwa kuwa ndiyo wanayoipenda watawala: tendo lipo, mtendaji hayupo. (Wasomaji wa taarifa zetu zenye "imeelezwa kuwa" wanaifahamu fika.) Orwell anawaachia maficho yao ya kisarufi, ila anajaza ndani yake moshi na damu, hata msomaji mwenyewe anauliza: nani aliyetupa mabomu? Angemtaja rubani, hasira yetu ingeishia kwa rubani, na istilahi ingepona.

Kwa hiyo kanuni ya nne, kama ilivyoandikwa, ni mbovu, na ushahidi bora dhidi yake umo ndani ya insha yenyewe. Mwalimu anayewagawia wanafunzi zile kanuni sita awape na aya hii, kisha awaache waandike vitenzi vyake upya katika kauli ya kutenda na waone kinachopotea.