Chini ya Fortuner, Jules Street

Jules Street ya Johannesburg inakwenda mbali bila kupinda, kutoka Jeppestown hadi Malvern, na sehemu kubwa ya barabara hiyo riziki ni gari. Kuna wauza magari yaliyotumika, maduka ya vipuri, mafundi bodi, mafundi wa gia boksi, na vijana wa tairi wanaopiga mluzi kila gari linapopunguza mwendo. Septemba 2019 vurugu dhidi ya wageni zilipita hapa, magari yakachomwa moto yakiwa yamepangwa uwanjani kusubiri wanunuzi. Leo spana zinalia tena. Nyuma ya duka moja la vipuri yupo fundi kutoka Bukavu ambaye kazi yake nimeiangalia kwa muda mrefu, na sijachoka.

Gari lililoingia lilikuwa Toyota Fortuner ya toleo la kwanza, 4x4. Fortuner za Afrika Kusini huundwa Prospecton, kusini kidogo ya Durban, na hili lilikuwa limeishi hukohuko pwani hadi lilipouzwa na kupandishwa Johannesburg. Kwa juu rangi ilikuwa inang'aa. Mwenyewe ni Mtanzania mwenye biashara Lusaka, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na alikuwa na lalamiko moja tu: likifika kilomita 80 kwa saa linalia nyuma.

Fundi hakugusa spana. Aliomba waingie barabarani kwanza, akakaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya ekseli. Mlio unaobadilika ukiachia mafuta husema krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu. Mlio usiojali mguu wako uko wapi husema beringi. Unaokua ukikata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili husema beringi za magurudumu, na hapo difu haina kosa. Hili lilikuwa na hayo mawili ya kwanza kwa pamoja.

Waliporudi, pulagi ya kwanza kufunguliwa ilikuwa ile ya juu, ya kujazia. Naipenda sana hatua hii. Fundi mwenye haraka huanza na ya chini, oili ikamwagika yote, kisha akagundua kwamba ya juu imeshikwa na kutu na haifunguki. Gari halina oili na hana pa kuitia. Huyu aliilegeza ya juu ndipo akaishukia ya chini, na oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

“Papa, hii difu ilikunywa mayi,” alimwambia mwenye gari.

Difu si lazima izame mtoni ndipo inywe maji. Ina kipumulio juu ya ekseli, kwa sababu oili ikipata moto hewa ya ndani hutanuka na lazima itoke. Ukiingia na ekseli ya moto kwenye dimbwi refu, chuma hupoa ghafla, hewa husinyaa, na chochote kilichopo nje huvutwa ndani kupitia kipumulio kibovu au sili iliyochakaa. Maji hayo yakikaa, oili haishiki tena kati ya meno, na beringi huanza kuchimbika vidoti vidogo ambavyo kwa jicho havionekani kuwa na madhara yoyote. Sumaku ya pulagi ya chini ilitoka na unga mweusi pamoja na vipande viwili vilivyokwaruza kidole. Unga ni uchakavu wa kawaida. Vipande ni jino.

Mwenye gari alitaka beringi zibadilishwe na kazi iishe. Fundi alikataa kwa upole. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, hii ikitafuta sura yake juu ya ile, na huuzwa zikiwa jozi. Nafasi inayoachwa kati ya meno yao katika difu ya aina hii ni milimita 0.13 hadi 0.18. Jino likishavunjika ukingo, hakuna beringi itakayorudisha sura hiyo. Kwa hiyo ilitafutwa difu nzima iliyotumika, katika yadi ya magari yaliyoanguka.

Hapo ndipo heshima yangu kwake ilipozidi. Difu tatu ziliwekwa mezani na hakufungua hata moja. Alihesabu meno. Krauni ya 43 juu ya pinioni ya 11 inatoa 3.909, ya 41 juu ya 10 inatoa 4.1. Namba hiyo lazima iwe sawa na ya difu ya mbele, la sivyo gari la 4x4 litapigana lenyewe kwa lenyewe hadi gia boksi ya kugawa nguvu ipasuke. Halafu alishika pinioni kwa vidole viwili, akaizungusha polepole, akisimama kila robo mzunguko. Aliyoichagua haikuwa safi kuliko zote. Ilikuwa imejaa tope kavu, ila meno yake yalikuwa na alama ya mgusano katikati, na uchezaji wake ulikuwa uleule kila alipoupima. Mpangilio ule aliuacha kama ulivyowekwa. Mafundi wengi hawawezi kujizuia. Lazima wafungue, waone, waguse.

Kutoa ya zamani kulichukua muda mrefu kuliko kufunga hii nyingine, na sababu ni chumvi ya pwani. Drami za breki ziligoma. Sensa ya ABS ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya tundu lake, fundi akailowesha mafuta jioni akaiacha hadi asubuhi, kwa kuwa ukiivuta kwa nguvu plastiki hukatika. Nati ngumu aliikaza kidogo kwanza, kiasi cha kusikia kutu inapasuka, ndipo akairudisha. Alipovuta shafti za ekseli, mkono mmoja ulivuta na kiganja cha mkono wa pili kilibeba uzito kwa chini, ili meno ya ncha yasiburuzwe juu ya mdomo wa sili. Shafti ikilala hata mara moja tu, sili imekatwa, na wiki ijayo breki zitakuwa zimelowa oili.

Difu ilipotoka, chesisi ya nyuma ikaonekana vizuri, ikiwa imepakwa lami nyeusi iliyonenepa. Lami hiyo naichukia. Muuzaji huipaka juu ya kutu, mnunuzi akichungulia anaona weusi safi, na chini yake maji yamefungiwa yaendelee kula. Johannesburg iko juu na majira yake ya baridi ni makavu, lakini chumvi iliyojificha ndani ya chuma hujivutia unyevu yenyewe, na mvua za alasiri za majira ya joto humalizia kazi.

Fundi alipita na nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti iliyokufa. Karibu na kikalio cha springi ya kushoto nyundo ilizama. Huku hakuwa na upole ule wa kwenye difu. Alikata na kukata hadi grinda ilipotoa cheche ang'avu pande zote, na tundu likawa kubwa mara tatu ya lile tuliloliona. Betri ilikuwa imeshafunguliwa, na paipu za mafuta zimesogezwa na kufunikwa. Kiraka alikikata kwa unene wa chesisi yenyewe, pembe zikiwa za mviringo, kwa maana pembe kali hukusanya nguvu na ufa huanzia hapo. Baada ya kuchomelea alisafisha, akapaka rangi ya zinki, akapuliza nta ndani ya chesisi. Mwisho aliingiza waya katika kila tundu la kutolea maji alilolikuta limezibwa na tope. Mwenye gari aliuliza kama patapakwa lami juu ili papendeze. Jibu lilikuwa hapana.

Difu iliingia, nati zikakazwa kwa kuvuka upande hadi upande, kipumulio kikawa kipya, oili ikajazwa mpaka ilipoanza kuchuruzika kwenye tundu la juu. Walizunguka Kensington na kurudi. Kiganja juu ya difu: vuguvugu, hakuna tone. Alimtaka mwenye gari arudi baada ya kilomita 500, oili imwagwe yote na sumaku ikaguliwe, kabla ya safari ya Lusaka. Mwenye gari alinung'unikia bei ya lita nyingine tatu. Fundi alimpunguzia malipo ya ufundi. Oili alisema inunuliwe ileile.